Shokapu ya nyuma ya hewa inazama kila asubuhi: nifungue mwenyewe au niitupe?

Kanyaga_Meru (Arusha)
Wakuu, habari za humu. Nina baiskeli ya milimani ya mtumba, ile yenye shokapu mbele na nyuma. Naipigia njia za Usa River kupandisha kuelekea msitu wa Meru, kiangazi vumbi, masika tope. Ya nyuma ni shokapu ya hewa, haina springi, imeandikwa 190x50. Kampuni siitaji, tusije tukageuza uzi kuwa vita ya chapa.

Tatizo lenyewe: jioni najaza psi 180. Asubuhi nikiikalia inazama mpaka karibu kugonga mwisho. Nikichomeka pampu, geji inasoma 90 hivi. Nikiijaza tena inakaa vizuri saa mbili tatu, halafu inaanza kulegea. Pale kwenye silinda inayong'aa, inayoingia na kutoka, kuna utando wa mafuta umeshika vumbi jekundu.

Fundi wa mtaani kwetu kasema niitoe hiyo takataka aniwekee kipande cha bomba la chuma, "itakuwa ngumu kama Phoenix ya babu yako". Sijamjibu bado. Nina alen kii seti nzima, jiliwa, na pampu ya shokapu. Nifungue mwenyewe? Naomba mnishauri.

Bodaboda_Original (Dodoma)
Nimewahi siti ya mbele. Mkuu hiyo peleka sheli ukapige upepo wa kompresa, pampu za mkono zinadanganya. Ikikataa weka oili ya shokapu za pikipiki, mbona sisi tunafanya hivyo kila siku.

Spoki32 (Moshi)
Kanyaga_Meru, usimruhusu huyo fundi wa bomba. Fremu ya aina hiyo imeundwa ikitegemea kwamba sehemu ya nyuma itacheza. Ukiweka chuma, kila pigo la jiwe linaingia moja kwa moja kwenye welding za pivoti (viungo vya fremu vinavyocheza) na kwenye kile kishikio cha shokapu. Itapasuka, na fremu ya alumini iliyopasuka hapo ni ya kupima kilo tu.

Na wewe wa Dodoma, kompresa ya sheli haifai kwa hili. Chemba ya shokapu ni ndogo mno, kompresa inatoa hewa nyingi kwa mpigo mmoja, na nyingi hazifiki hata hizo psi 180. Pampu ya shokapu ina silinda nyembamba kwa makusudi: hewa kidogo kidogo, shinikizo kubwa. Oili ya pikipiki nitairudia, kwa sababu hapo kuna nusu ya ukweli.

Mwenye uzi, kabla hatujafika kwenye kufungua nijibu haya:
- Ukiisukuma ikaenda chini, inarudi taratibu kama zamani au inaruka juu kwa kasi?
- Unasikia sauti ya majimaji ndani, ya kubwabwaja?
- Ukitoa upepo wote, shokapu inabaki ndefu au inajivuta ndani?
- Umeweka maji ya sabuni?

Nauliza hivyo kwa sababu ndani ya hicho kitu kuna mashine mbili. Moja ni ya hewa, ndiyo inayokubeba. Ya pili ni ya oili, ndiyo inayozuia usirushwe. Ya hewa unaweza kuihudumia nyumbani mezani. Ya oili ina pistoni inayoelea, na nyuma ya pistoni hiyo kuna gesi ya naitrojeni yenye shinikizo lake. Hiyo si ya mezani.

KaruraKilaJpili (Nairobi)
Niongeze hapo. Watu wengi huku kwetu wanatoka msitu wa Karura wakisema shock imekufa, kumbe ni sili (pete za mpira za kuzuia kuvuja) za kopo la hewa tu hazijawahi kuguswa tangu baiskeli itoke kontena. RockShox, watengenezaji wa shokapu, wenyewe wanasema kopo la hewa lihudumiwe kila saa 50 za kuendesha. Fox, watengenezaji wengine, wanasema huduma kamili kila saa 125 au mara moja kwa mwaka, chochote kitakachotangulia. Sasa mtumba umeingia bandarini na saa ngapi? Hakuna ajuaye.

Kanyaga_Meru
Shukrani Spoki32. Majibu: inarudi taratibu kama kawaida, kile kitufe chekundu nikikizungusha tofauti naiona. Sauti ya majimaji hakuna. Sabuni nimeweka leo: kwenye valvu hakuna kitu, ila pale kopo linapokutana na ile silinda inayong'aa vipovu vinatoka vidogovidogo, hasa nikiikandamiza. Kutoa upepo wote bado sijajaribu.

Spoki32
Hizo ni habari njema. Vipovu pale vinamaanisha hewa inapita sili za kopo na kutoka nje. Ribaundi, yaani shokapu kurudi taratibu, kufanya kazi bila kubwabwaja kunamaanisha upande wa oili uko salama. Utando mwembamba wa mafuta wala usikuogopeshe, ni ile oili kidogo inayowekwa kwenye chemba ya hewa kulainisha sili. Ingekuwa inachuruzika, au ingekuwa ukiiachia inaruka bila breki kwa milimita za kwanza halafu ndiyo inashika, ningekwambia hewa imeingia kwenye oili na wewe huna la kufanya mezani.

Sasa tafuta kifurushi cha sili kabla hujafungua. Sili za duka la mipira ya mabomba zitakupa shida, vipimo vinakaribiana lakini havilingani. Fox wana kodi fupi ya herufi na namba nne kwenye mwili wa shokapu, RockShox wana namba ya mfululizo (serial) ya kuingiza kwenye tovuti ya SRAM, kampuni mama yao. Kwa hiyo namba utajua kifurushi chako hasa.

Bahari_na_Mlima (Mombasa)
Assalaam aleikum wadau. Samahani kuingilia uzi wa mtu, lakini langu linafanana. Mimi nilitoa upepo wote ili nisafiri na baiskeli kwenda Nairobi kwa basi. Tangu hapo shokapu imebaki fupi, imeingia ndani. Nikiivuta kwa nguvu inatoka kidogo halafu inajirudisha. Jirani yangu ana spana ya kufungulia filta ya oili ya gari, kesho tunataka kulifungua kopo tuone ndani kuna nini.

Spoki32
BAHARI_NA_MLIMA USIFUNGUE. Tafadhali soma hii kwanza, na huyo jirani muoneshe.

Ndani ya kopo kuna chemba mbili. Ya juu ndiyo unayoijaza kwa pampu, tuiite chemba chanya. Chini ya pistoni kuna nyingine ndogo, chemba hasi, kazi yake ni kuisaidia shokapu ianze kuzama kwa ulaini badala ya kuwa ngumu mwanzoni. Chemba hasi haina valvu yake. Hewa inaifikia kupitia kijishimo kilichochongwa ukutani ndani ya kopo: pistoni ikipita hapo, kwa kitambo hewa ya juu na ya chini inalingana.

Ukiutoa upepo wa juu haraka, ule wa chini unabaki umefungiwa. Hauna kwa kutokea. Unaivuta shokapu ndani, na sasa pistoni iko mbali na kijishimo. Hivyo hiyo yako ni "tupu" kwenye geji lakini ndani ina shinikizo kubwa. Chukua psi 200 tu kwenye pistoni yenye kipenyo cha karibu sm 4: hiyo ni nguvu ya zaidi ya kilo 150. Ukimaliza nyuzi za kopo kwa ile spana ya filta, kopo halitoki, linafyatuka. Meno, jicho, kidole. Fox wameandika wazi kwenye miongozo yao kwamba shokapu iliyokwama chini isifunguliwe na mtumiaji.

Fanya hivi. Ibonyeze pini ya valvu, na ikiwa bado imebonyezwa, ivute shokapu. Kama inatoka na kubaki nje, ilikuwa ni ombwe dogo tu la upande wa juu. Kama inajirudisha huku pini iko wazi, kuna hewa imeshikwa chini. Hapo chomeka pampu na ujaze tena, usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye mwongozo au kwenye shokapu yenyewe. Shinikizo la juu litaisukuma itoke nje mpaka ipite kijishimo, na chemba zitalingana. Ikishafika urefu wake wote, toa upepo upya, safari hii pole pole, kwa mibonyezo mifupi, huku ukiikandamiza robo ya mwendo wake na kuiachia.

Ikitoka ikabaki ndefu, shida ilikuwa haraka ya kutoa upepo. Ikitoka kisha baada ya muda ikajivuta tena ndani, sili ya pistoni imekufa na hewa inahama kutoka juu kwenda chini. Hiyo ipeleke kwa mwenye vifaa, ikiwa nzima hivyohivyo.

Bahari_na_Mlima
Subhanallah. Jirani kasoma, spana karudisha ndani mwenyewe. Nitajaribu hiyo ya pampu nilete majibu.

Halafu swali: kumbe hata sikuwa na haja ya kutoa upepo kwa safari? Niliambiwa Nairobi iko juu sana, shokapu inaweza kupasuka.

Mwl_Fizikia (Tabora)
Hapo naomba kalamu. Geji inapima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Usawa wa bahari hewa ya nje ni psi 14.7. Hata ukiipeleka shokapu mahali pasipo na hewa kabisa, geji itapanda kwa hizo 14.7 tu, haiwezi kuzidi. Mombasa kwenda Nairobi tofauti haifiki hata psi 3. Kwa kitu chenye 180 hiyo ni kelele. Kwa ndege nayo ni hivyohivyo.

Joto ndilo la kuliangalia. Baiskeli yenye psi 180 ikiwa kivulini nyuzi 25, ukaiacha juani mpaka shokapu yenyewe ikafika nyuzi 45, geji itapanda kwa karibu psi 13. Ukikokotoa usisahau kuongeza 14.7 kwanza na kutumia kelvini, wanafunzi wangu wengi huangukia hapo. Kwa hiyo pima upepo kwenye joto utakaloendeshea, siyo saa kumi na mbili asubuhi kisha ukashangaa saa saba mchana imekuwa ngumu.

Bodaboda_Original
Mwalimu kaja na kelvini kwenye uzi wa baiskeli 😂. Spoki ulisema oili ya pikipiki utairudia.

Spoki32
Sijasahau. Oili ya shokapu za pikipiki, ile nyepesi, inakwenda upande wa dampa, yaani ile mashine ya oili. Na hata huko haifai kukisia, kwa sababu oili mbili za kampuni tofauti zikiandikwa namba ileile ya uzito zinaweza kutofautiana sana unene. Ukibadilisha, ribaundi inakuwa nyingine.

Nusu ya ukweli ni hii: kwenye chemba ya hewa, RockShox kwa miaka mingi walielekeza oili ya Maxima Maxum4 Extra 15w50, na hiyo ni oili ya injini ya pikipiki, ya kutengenezwa maabara kabisa. Kazi yake ni kulainisha sili tu. Kwa hiyo anayesema oili ya injini ya pikipiki ndani ya kopo ni ushamba, hajasoma kitabu. Ila ni mililita chache sana, kama ilivyoandikwa kwenye mwongozo wa shokapu yako. Ukimimina nyingi unapunguza nafasi ya hewa, na shokapu inakuwa ngumu kabla ya kufika mwisho.

Grisi: iwe laini, ile ya sili za shokapu. Grisi nzito ya beringi za gari usiitie humo. Inajaa chemba hasi, inaziba kijishimo, kisha unarudi hapa kuuliza kwa nini chemba hazilingani.

Dada_Giya (Lushoto)
Mimi nahudumia baiskeli za kukodisha wageni huku Usambara, shokapu hizi nazifungua mara kwa mara. Niongezee ambayo sijaona yakisemwa.

Kanyaga_Meru, kabla hujalaumu sili angalia bushi za shokapu (vile vipande vinavyopitiwa na bolti) na pivoti za fremu. Shika siti, nyanyua baiskeli kidogo mpaka gurudumu linakaribia kuachana na ardhi, na mkono mwingine weka kidole pale bolti ya shokapu inapopita. Ukisikia "tak" ndogo kabla gurudumu halijanyanyuka, bushi imekula. Bushi iliyokula inaiacha shokapu ivutwe upande, na sili inalika upande mmoja. Utaweka sili mpya leo, mwezi ujao unavuja palepale. Baiskeli za mtumba karibu zote nilizowahi kupokea zina hili.

La pili, ukishafungua pitisha ukucha kwenye silinda inayong'aa. Mchubuko unaouona kwa macho lakini ukucha haukwami, achana nao. Ukucha ukikwama, sili yoyote utakayoweka itachanwa. Wapo wanaojaza mchubuko kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, wakaacha ikauke kisha wakaisugua kwa msasa laini sana. Nimeona inashika kwa muda kama mchubuko ni mdogo na uko juu, pale ambapo sili haipiti mara kwa mara. Mimi kwa baiskeli ya mgeni siwezi kuitegemea.

La tatu: kuchokonoa sili tumia kijiti cha mti au plastiki. Bisibisi ya chuma inakwaruza mfereji, na mfereji uliokwaruzwa hauna spea.

Mswahili_FortWilliam (Scotland)
Huku tatizo letu ni kinyume na lenu, mvua na tope mwaka mzima. Nawaona watu wakishuka kutoka Nevis Range, wanapeleka baiskeli moja kwa moja kwenye mashine ya maji ya presha na kuipiga shokapu kwa karibu. Maji ya presha yanapita kwenye sili ya vumbi na kubaki ndani na mchanga. Ndoo, kitambaa na maji ya kawaida vinatosha. Nahisi na huko bongo kwenye kuosha magari mchezo ni huohuo.

Kanyaga_Meru, kama kifurushi cha sili kinasumbua kupatikana niambie inbox, kuna ndugu anakuja Arusha mwisho wa mwezi.

Kanyaga_Meru
Mungu akubariki mkuu, nimekuja inbox. Dada_Giya, nimefanya ulivyosema. "Tak" ipo, bolti ya chini. Bushi inabidi ibadilishwe pia.

Naomba mtu aniwekee hatua za kufungua kwa mpangilio, nizichapishe nibandike ukutani.

Spoki32
Kwa kopo la kawaida la kufungua kwa nyuzi ni hivi. Baadhi ya shokapu zina kopo la nje lililoshikwa na pete, hizo tazama mwongozo wake kwanza, mpangilio ni tofauti.

Andika psi uliyokuwa ukitumia na hesabu za kitufe cha ribaundi. Toa upepo shokapu ikiwa bado kwenye baiskeli, pole pole, kama nilivyomwambia ndugu wa Mombasa, huku ukikandamiza na kuachia. Ukiisha, hakikisha shokapu ni ndefu na haijivuti ndani. Hatua hiyo hairukwi hata kama una haraka. Kisha ondoa sindano ya valvu kabisa.

Toa bolti mbili. Safisha nje yote kabla ya kufungua chochote, maana vumbi la Meru likiingia ndani umefanya kazi bure. Bana jicho la shokapu upande wa valvu kwenye jiliwa, weka vipande vya mbao laini au alumini kwenye meno ya jiliwa. Pitisha kitambaa kinene kwenye jicho la upande wa pili na ukifunge, ili kopo likitoka kwa mshtuko likwamie hapo. Mshtuko mdogo ni kawaida.

Kopo zungusha kinyume na mshale wa saa. Likikataa kwa mkono, zungushia tyubu kuukuu ya baiskeli na uishike kwa nguvu, au tumia ile spana ya mkanda ya filta. Plaizi hapana.

Likishatoka piga picha. Piga nyingi. Sili ya pistoni mara nyingi ina pete za plastiki pande zote mbili, nyembamba, na nyingine zimekatwa kwa mshazari, na watu wengi hukosea mpangilio wake. Toa za zamani, futa kila kitu kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Petroli hapana, inavimbisha mpira. Angalia ndani ya kopo kwa tochi, kile kijishimo utakiona, hakikisha hakijaziba kwa uchafu.

Sili mpya zipake grisi nyembamba, ziingize kwa vidole. Sili ya vumbi inakaa mdomoni mwa kopo, mdomo wake unatazama nje. Tia zile mililita za oili, rudisha kopo, kaza kwa mkono mpaka likae.

Jaza psi 50, kandamiza taratibu robo ya mwendo kama mara kumi, ongeza nyingine 50, kandamiza tena, hivyo mpaka ufike. Usijaze zote kwa mpigo.

Mwisho sagi, yaani shokapu inavyozama ukiikalia ukiwa umetulia na mzigo wako wote, begi na maji. Mwendo wa shokapu yako ni mm 50, kwa hiyo unataka ile pete ndogo ya mpira isogee mm 12.5 mpaka 15. Pa kuanzia, wengi hutumia uzito wa mwendeshaji kwa ratili kuwa psi. Mtu wa kilo 80 ni ratili 176, anaanzia hapo kisha anarekebisha. Fremu zinatofautiana, kwa hiyo amini milimita kuliko psi.

KaruraKilaJpili
Hii ibandikwe juu ya jukwaa. Moderator uko wapi.

Bahari_na_Mlima
Wadau nimerudi. Nilipojaza ilifunguka yote, mlio mdogo kama wa kupumua, nikatoa upepo taratibu ikabaki ndefu. Nikafurahi. Nikaijaza, nikaiacha usiku, asubuhi imekuwa fupi tena kidogo, kama sm 1, na upepo kwenye geji umepungua lakini sabuni haitoi kipovu hata kimoja.

Spoki32
Hewa haijatoka nje, imehamia chemba hasi. Sili ya pistoni. Itoe upepo kwa utaratibu uleule, na ikigoma kubaki ndefu iache ilivyo na uandike kwa wino kwenye karatasi IMEKWAMA CHINI, uibandike juu yake kabla ya kumkabidhi fundi. Asiyejua ndiye anayeumia.

KaruraKilaJpili
Bro wa Mombasa, ukiileta Nairobi nitakuonyesha mtu mwenye vifaa vya naitrojeni. Uliza kwanza kabla ya kulipa kama ana kifaa cha kuchaji pistoni ya ndani, asikwambie atatumia pampu ya kawaida.

Bodaboda_Original
Kwani naitrojeni ina nini? Hewa ya kawaida si asilimia 78 ni naitrojeni?

Mwl_Fizikia
Ni kweli, 78. Tofauti ni kile kilichobaki, hasa unyevu na oksijeni. Naitrojeni ya mtungi ni kavu, kwa hiyo haiachi maji ndani wala haichakazi oili. Kwa nguvu ya kubeba hakuna muujiza wowote.

Kanyaga_Meru
Wakuu, sili zimefika na ndugu wa Scotland, bushi nimepata. Nimefungua, ndani kulikuwa na tope la kahawia badala ya oili, na pete moja ya plastiki imekatika vipande viwili. Ukucha haukukwama popote. Nimesafisha, nimeweka zote mpya.

Sasa kuna jambo sijalielewa. Nimejaza hatua kwa hatua mpaka 180, nikachomoa pampu, ikatoa "pssst". Nikairudisha nione kama imepoteza, geji ikasoma 165. Nikachomoa tena, nikapima tena, 150. Inavuja upya au?

Dada_Giya
Haivuji kaka. Hiyo "pssst" ni hewa ya kwenye mpira wa pampu, shokapu imeshajifunga kabla haijasikika. Na kila ukichomeka, mpira wa pampu ni mtupu, unakunywa hewa kutoka kwenye shokapu mpaka ujae. Chemba ni ndogo, kwa hiyo geji inaanguka. Kila unapopima unaipunguza mwenyewe. Jaza kiasi unachotaka, chomoa, acha. Kesho tazama pete ya sagi, siyo geji.

Spoki32
Sawa kabisa. Ukilazimika kupima, chomeka, ipandishe mpaka 180 yako, chomoa. Namba ya kwanza unayoiona baada ya kuchomeka haina maana. Na ile 90 uliyoisoma mwanzo wa uzi ilikuwa na sehemu ya hili ndani yake, ingawa vipovu vilikuwa vya kweli.

Kanyaga_Meru
Sagi usiku ilikuwa mm 14, asubuhi mm 14. Nimepanda mpaka juu kwenye mawe, nimeshuka, bado mm 14. Mwanzoni nilihisi iko ngumu kidogo kwenye mawe madogo, nikapunguza ribaundi klik mbili ikatulia. "Tak" imekwisha.

Yule fundi wa bomba nimemwonesha, ameomba nimwachie sili za zamani azitazame.

Bahari_na_Mlima
Yangu imerudi kutoka Nairobi. Ilikuwa sili ya pistoni kama Spoki alivyosema, ilikuwa imejikunja kwenye mfereji wake. Dampa hawakuigusa, iko sawa. Fundi aliniambia ile karatasi niliyobandika ilimwokolea muda, aliitoboa chemba hasi kwa kifaa chake akiwa amekaa nyuma ya kinga.

Nauliza tena kidogo: kifurushi kilikuja na vipande vya plastiki vya rangi, kama nusu mwezi, hakuvitumia. Ni vya nini?

Spoki32
Hivyo ni vya kupunguza nafasi ya hewa. Ukikuta unagonga mwisho mara kwa mara ilhali sagi yako ni sahihi, unaongeza kimoja, shokapu inakuwa ngumu zaidi karibu na mwisho bila kubadilika mwanzoni. Kama hugongi, vitie kwenye bahasha uweke na risiti.